Kanisa ni jengo au ni watu? Swali la kale larudi kando ya Ziwa Victoria

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

SIKU ya Jumapili asubuhi, mtu anayetembea kwa miguu kutoka Mabatini hadi Igoma jijini Mwanza hupita mbele ya ibada nyingi kuliko vituo vya daladala. Ipo parokia yenye kengele na foleni ya Misa ya pili. Ipo kwaya ya vijana waliovaa sare, na vipaza sauti vimeelekezwa barabarani. Hatua chache mbele lipo turubai lililofungwa kwenye nguzo za miti, viti vya plastiki vimepangwa chini yake, na mhubiri anaombea wagonjwa. Wote hao, wakiulizwa wako wapi, hujibu kwamba wako kanisani.

Mbele ya sheria jibu ni jepesi. Kikundi cha dini kinachotaka kutambulika husajiliwa na Msajili wa Jumuiya aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na karatasi ikishatoka, kanisa lipo. Ibara ya 19 ya Katiba inatoa uhuru wa kuabudu na kusema kuwa uendeshaji wa jumuiya za dini si sehemu ya shughuli za mamlaka ya nchi. Lakini karatasi ya Msajili haielezi kanisa ni nini wala limetumwa kufanya nini. Swali hilo limewatesa wanateolojia kwa karne nyingi, na katika pwani ya kusini ya Ziwa Victoria limejibiwa kwa namna tofauti angalau mara nne katika muda usiozidi miaka 150.

Neno lenyewe lina historia. Kiswahili kililichukua kutoka Kiarabu, nacho Kiarabu kililipata kutoka Kiaramu, lugha aliyoizungumza Yesu, ambako asili yake ni mkusanyiko. Kigiriki cha Agano Jipya husema ekklesia, yaani mkutano wa watu walioitwa watoke majumbani mwao. Hata neno parokia, ambalo Mkatoliki wa Nyakato hulitamka kila wiki, linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukaa ugenini. Kwa hiyo katika asili ya maneno yote hayo hakuna tofali wala bati. Jambo hili si dogo kwa jiji ambalo wakazi wake wengi walihamia.

Mabaraza makuu ya Wakristo yamejaribu kuliweka jibu katika sentensi fupi. Imani iliyotungwa Nikea mwaka 325 na kukamilishwa Konstantinopoli mwaka 381 inakiri kanisa moja, takatifu, katoliki na la mitume. Walutheri, katika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, walisema kanisa ni mkutano wa watakatifu ambamo Injili huhubiriwa kwa usafi na sakramenti hutolewa ipasavyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake kuhusu Kanisa ya Novemba 21, 1964, uliwaita waumini wote taifa la Mungu kabla ya kuzungumzia daraja za uongozi. Mpangilio huo wa sura ulikuwa mageuzi makubwa kuliko unavyoonekana kwa msomaji wa leo, kwa sababu kwa muda mrefu aliyesema Kanisa alimaanisha Papa, maaskofu na mapadre.

Mwaka 2005 tume ya Imani na Utaratibu ya Baraza la Makanisa Ulimwenguni ilitoa hati iliyobeba jina la asili na utume wa Kanisa, na mwaka 2013 ikatoa nyingine iliyoikamilisha. Wakatoliki si wanachama wa Baraza hilo, lakini wamekuwa wajumbe kamili wa tume hiyo tangu 1968. Walikubaliana mengi. Walipokwama palikuwa mahali ambapo mtu wa kawaida asingepategemea: je, Kanisa lenyewe linaweza kutenda dhambi, au ni washiriki wake tu wanaotenda dhambi huku lenyewe likibaki takatifu? Wapo waliosema Kanisa ni mwili wa Kristo, haliwezi kukosea. Wengine walisema kusanyiko la watu wenye makosa haliwezi kujitenga na makosa hayo. Mjadala huo unasikika wa vitabuni mpaka mtu akumbuke yaliyotokea Kanda ya Ziwa.

Kihistoria yote yalianzia Kageye, kijiji cha pwani kilichoko sasa katika Wilaya ya Magu, ambako Henry Morton Stanley alipiga kambi mwaka 1875. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS walifika hapo mwaka 1877 wakielekea Buganda. Wawili wao, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa Ukerewe Desemba mwaka huohuo, walipoingizwa katika ugomvi wa mtawala wa kisiwa hicho, Lukonge, na mfanyabiashara aliyeitwa Songoro. Mwishoni mwa Desemba 1878 ukafika msafara wa kwanza wa Wamisionari wa Afrika, maarufu kama White Fathers, shirika lililoanzishwa na Lavigerie mjini Algiers mwaka 1868. Nao walikuwa wakienda Buganda. Mwanza ilikuwa njia tu.

Wamisionari hao Wakatoliki waliondoka Buganda Novemba 1882 na mwaka 1883 wakajenga Bukumbi, kusini mwa Mwanza ya leo. Hapo ndipo jibu la kwanza lilipopata umbo. Kanisa likawa misheni, yaani boma lenye uzio, shule, zahanati, shamba, na watoto waliokombolewa kutoka utumwani. Mkristo alikuwa mtu wa misheni, na asiye Mkristo alikuwa wa nje ya uzio. Mtu alitoka kwao akaenda Kanisani, wakati mwingine asirudi tena.

Hata hivyo uzio huo ulikuwa na mlango. Kabaka Mwanga wa Buganda, yuleyule aliyeamuru vijana Wakristo wauawe, wengi wao wakichomwa moto Namugongo Juni 3, 1886, alipinduliwa mwaka 1888 akakimbilia kusini mwa ziwa. Alikaa kwanza Magu kwa wafanyabiashara Waarabu, kisha akaomba hifadhi Bukumbi, kwa mapadre ambao wanafunzi wao alikuwa amewaua miaka miwili tu iliyotangulia. Walimpokea. Wanahistoria wanaweza kusema kwamba palikuwa na hesabu za kisiasa ndani yake, na bila shaka zilikuwepo, kwani Mwanga alirudishwa madarakani kwa nguvu za Wakristo. Lakini tukio hilo halina budi kutajwa kila linapoulizwa swali la utume wa Kanisa katika pwani hii.

Upande wa pili wa historia hiyo haupendezi. Wakristo waliokimbia pamoja walipigana wenyewe kwa wenyewe Mengo, Januari 1892, Waprotestanti dhidi ya Wakatoliki, na mgawanyiko huo ukavuka maji. Kusini mwa ziwa makanisa yaligawana maeneo. CMS walikuwa wameanzisha kituo cha Nassa, mashariki mwa Ghuba ya Speke, mwaka 1888, na mwaka 1909 wakakikabidhi kwa Africa Inland Mission, ambayo matunda yake ni Africa Inland Church Tanzania (AICT), moja ya makanisa makubwa ya Usukumani hadi leo. Wamennonite walifika Shirati mwaka 1934. Kijana wa kizazi hicho hakuchagua dhehebu kwa kusoma mafundisho yake. Alibatizwa katika kanisa lililofika kwanza kijijini kwao, na wajukuu wake wanaendelea nalo hata wakiwa wamepanga chumba Buhongwa.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalitoka ndani ya misheni yenyewe. Agosti 15, 1917, katika seminari ya Rubya iliyoko Kagera ya sasa, Waafrika wanne walipewa daraja la upadre, na baadhi yao walitoka Ukerewe. Seminari hiyohiyo ilimsomesha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, katekista aliyemaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, inayoeleza kwa undani maisha ya kisiwa hicho kabla misheni haijafika. Ilichapishwa kwa Kiswahili miaka 35 hivi baadaye. Laurean Rugambwa naye, mtoto wa Kagera, akawa askofu mwaka 1952 na kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza wa nyakati hizi kuvaa kofia hiyo nyekundu. Kanisa lililokuwa la wageni lilikuwa linabadilisha sura yake wakati uleule nchi ilipokuwa inadai Uhuru.

Ndipo likaja jibu la pili, ambalo kielelezo chake kinaonekana kwa macho. Bujora, jirani na Kisesa katika barabara iendayo Musoma, lipo kanisa la duara lililojengwa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na ndani yake alama za utemi zimewekwa katika huduma ya ibada. Kazi hiyo iliongozwa tangu miaka ya 1950 na Padre David Clement, Mkanada wa White Fathers, ambaye pia aliasisi makumbusho ya Wasukuma mahali hapo. Hoja yake ilikuwa kwamba kama Kristo ni mfalme, basi Msukuma anaye tayari msamiati wa mfalme: kiti, ngoma na nyumba. Sherehe ya Bulabo, inayoambatana na sikukuu ya Ekaristi Takatifu mwezi Juni, huwakutanisha wachezaji wa vyama vya Wagika na Wagalu, ambao ushindani wao ni wa zamani kuliko parokia yoyote.

Fikra hiyo ilikuwa na mlezi ngazi ya juu. Joseph Blomjous, Mholanzi aliyeongoza Kanisa Katoliki Mwanza kuanzia 1946 hadi 1965, alishiriki Mtaguso wa Vatikano, na baadaye, mwaka 1980, aliandika akipendekeza kwamba utamadunisho usiwe wa upande mmoja, bali tamaduni zifundishane. Huyohuyo ndiye aliyeanzisha mwaka 1960 chuo cha Nyegezi ambacho mwaka 1998 kilikuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT). Waandishi wa habari wengi wa nchi hii walipita katika madarasa ya Nyegezi, wakiwamo wasiojua kusali Baba Yetu.

Si wote walioshangilia. Wagika na Wagalu hawashindani kwa miguu tu. Tangu awali ushindani wao ulihusishwa na dawa za kuvuta watazamaji. Makanisa mengi ya kiinjili na ya Kipentekoste yanaona kwamba huwezi kuichukua ngoma ukaacha dawa yake mlangoni, na huwataka waumini wao wasikanyage uwanjani. Pingamizi hilo lina uzito kuliko wapenzi wa utamaduni wanavyokubali. Lakini hata kwaya za makanisa hayo, zenye gitaa, kinanda na mitindo ya kucheza, zina mapigo ambayo mkulima yeyote wa pamba Usukumani anayatambua papo hapo. Utamaduni uliofukuzwa kwa ngoma umerudi kwa kinanda.

Jibu la tatu lilizaliwa mahali ambapo wengi hawapajui. Katika miaka ya 1960, parokia ya Nyarombo katika eneo la Wajaluo wa Mara ya Kaskazini ilikuwa na tatizo: waumini walikuwa wakihamia makanisa huru ya Kiafrika. Mtafiti Mfaransa, Marie-France Perrin Jassy, alichunguza wanafuata nini huko. Alichokiona ni kwamba makanisa hayo yalikuwa madogo, watu walifahamiana kwa majina, waliombeana wakiugua na kuzikana wakifa, ilhali parokia ilikuwa kubwa mno na padre alikuwa mbali. Kuanzia 1966 vikundi vidogo vya Wakatoliki vikaanza kujaribiwa huko. Kwa maneno mengine, Kanisa kubwa lilikwenda shule kwa makanisa madogo.

Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki, kupitia shirikisho lao la AMECEA, waliufanya mpango huo kuwa wa kanda nzima katika mikutano ya 1973 na 1976. Nchini Tanzania ulipata ardhi yenye rutuba, kwa kuwa wananchi walikwisha kuzoea mashina ya nyumba kumi ya TANU. Zikaitwa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 ikatoa picha iliyofanana nazo, ya Kanisa kama familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo wa Pili akaitia katika waraka wake wa Septemba 1995. Leo Mkatoliki wa jijini hutambulika kwa jumuiya yake kabla ya parokia. Wanakutana nyumba kwa nyumba, alfajiri kabla ya kazi au jioni, wanasoma Injili ya Jumapili ijayo, wanachanga, wanatembelea mgonjwa.

Hapa ndipo penye mvutano ambao kila mpangaji wa Mwanza anaujua. Jumuiya iliyokusudiwa iwe familia imekuwa pia ofisi. Anayetaka ndoa, ubatizo wa mtoto au maziko ya Kikristo huulizwa kwanza jumuiya inamjua, na kama michango yake iko sawa. Viongozi wanasema, kwa haki, kwamba mtu asiyeonekana mwaka mzima hawezi kudai familia siku ya msiba. Lakini dereva wa lori, mlinzi wa usiku, mama muuza samaki Kirumba anayeamka saa tisa usiku, hawa hawakosi jumuiya kwa kiburi. Ratiba ya jumuiya ilitungwa kwa ajili ya kijiji, na jiji limeipokea bila kuipunguza wala kuirefusha. Dagaa hawasubiri ibada iishe.

Ukubwa wa jiji ni sehemu ya habari yenyewe. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia Mkoa wa Mwanza watu 3,699,872, na wilaya mbili zinazounda jiji, Nyamagana na Ilemela, zina zaidi ya milioni 1 kwa pamoja. Wangapi ni Wakristo, na wa dhehebu gani, haijulikani kwa hesabu ya Serikali, kwa sababu sensa ya Tanzania haijauliza dini tangu mwaka 1967. Kila anayetaja asilimia anakisia, na kwa kawaida anakisia kwa faida ya upande wake. Kinachoonekana bila sensa ni kwamba mtu aliyefika jijini bila ndugu hutafuta mahali atakapoitwa ndugu ndani ya wiki moja.

Jibu la nne linatoka kwa Wapentekoste. Askofu Moses Kulola, aliyezaliwa mkoani Mwanza na kuanza safari yake ya imani ndani ya Africa Inland Church, alihubiri kwa miongo kadhaa katika viwanja vya miji na vijiji, akaanzisha Evangelistic Assemblies of God Tanzania (EAGT) mwaka 1991, na alipofariki Agosti 2013 alizikwa Mwanza. Kwa Kulola na wenzake kanisa ni watu waliookoka, na utume wake ni kuokoa wengine, kuombea wagonjwa na kutoa pepo. Jengo lingesubiri. Mhubiri hakulazimika kukaa seminari kwa miaka tisa, wala muumini hakulazimika kusubiri mhuri wa jumuiya: aliyefika leo aliombewa leo.

Kwa kweli kiu hiyo ya kuponywa haikuwa ya Wapentekoste peke yao. Mwaka 2011 mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, maarufu kama Babu wa Loliondo, aliwavuta maelfu kwa maelfu ya watu kwenda kijiji cha Samunge kunywa kikombe cha dawa, na magari yaliyobeba wagonjwa yalitoka pia Kanda ya Ziwa. Baadhi ya maaskofu walimuunga mkono. Wahubiri wengine walimlaani kama mganga, ingawa wao wenyewe huuza maji na mafuta ya upako. Wagonjwa walioacha dawa za hospitali kwa ajili ya kikombe hawakuwa na muda wa kusubiri wakubwa wamalize ubishi.

Lakini jeraha kubwa zaidi la kanda hii si kikombe. Kuanzia mwaka 2007 mauaji ya watu wenye ualbino yaliitikisa mikoa ya Mwanza, Shinyanga na jirani zake, sambamba na mauaji ya vikongwe walioshukiwa uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu, ambayo mara nyingi ni kazi ya moshi wa jikoni. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kifo watu watatu kwa kumuua mtoto mwenye ualbino. Januari 2015 Serikali ilitangaza kuwapiga marufuku waganga wapiga ramli. Makanisa yalilaani, yalifungua milango ya hifadhi, yalisomesha watoto.

Hata hivyo mauaji hayo yalitokea katika nchi ambayo misheni zake zina zaidi ya miaka 100, na hapo lile swali la tume ya 2005 linarudi kwa nguvu: ni washiriki tu waliokosea, au mafundisho yenyewe hayakufika mahali ambapo hofu hukaa? Misheni ya kwanza ilisema uchawi haupo, na hofu ikaendelea chinichini. Baadhi ya wahubiri wa leo wanasema upo kila mahali, na hofu imepandishwa jukwaani. Muumini aliyeambiwa kwenye mkesha kwamba umaskini wake umefungwa na mtu wa karibu, anaporudi nyumbani humtafuta mtu huyo, na wa karibu zaidi huwa ni bibi kizee wa jirani.

Upande wa huduma, rekodi iko wazi kwa yeyote anayeinua macho. Hospitali ya Bugando, iliyo juu ya kilima, ilijengwa na Kanisa Katoliki na kufunguliwa mwaka 1971. Serikali ikaitaifisha mwaka 1972, na mwaka 1985 ikairudisha kwa Baraza la Maaskofu kwa makubaliano ya kuiendesha kwa pamoja. Shule za misheni nazo zilikwisha kuchukuliwa kwa sheria ya elimu ya 1969. Februari 1992 Serikali ilitia saini na maaskofu Wakatoliki pamoja na Jumuiya ya Kikristo Tanzania (CCT) hati ya makubaliano kuhusu huduma za jamii, hati ambayo baadhi ya Waislamu wameilalamikia tangu wakati huo wakisema inapendelea upande mmoja. Bugando sasa ni hospitali ya rufaa ya kanda nzima, ina vitanda zaidi ya 900, inafundisha madaktari, na mgonjwa hapimwi kwa dini. Anapimwa kwa bima au fedha taslimu, na hapo ndipo manung'uniko yanapoanzia. Taasisi ya Kanisa inayolipa mishahara ya wataalamu haiwezi kugawa dawa bure kama zahanati ya Bukumbi ya mwaka 1883, ila jina lililo langoni humfanya maskini atarajie hivyo.

Julius Nyerere, aliyebatizwa Nyegina karibu na Musoma Desemba 1943, aliwaambia masista wa Maryknoll huko Marekani Oktoba 1970 kwamba Kanisa lisiposhiriki kupambana na mifumo inayowaweka watu katika umaskini, watu watalihesabu kuwa sehemu ya mifumo hiyo. Maneno hayo yamekuwa yakinukuliwa na maaskofu kila wanapoisemesha Serikali. Mwaka 2018 waraka wa Kwaresima wa maaskofu Wakatoliki na ule wa Pasaka wa maaskofu wa Kilutheri ilihoji kubanwa kwa uhuru wa siasa, na Walutheri wakatakiwa na ofisi ya Msajili waufute wa kwao, kabla ya agizo hilo kukanwa na Waziri. Machi 2021 Katibu wa Baraza la Maaskofu Katoliki, Padre Charles Kitima, aliyewahi kuiongoza SAUT hapa Mwanza, alisema hadharani kwamba zaidi ya mapadre 25 na masista 60 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili, wakati ambapo kutaja corona kulikuwa kama kumtaja nyoka usiku. Agosti 2023 tamko la maaskofu la kupinga mkataba wa bandari na kampuni ya DP World lilisomwa makanisani nchi nzima.

Waumini waligawanyika. Wapo walioona kuwa mapadre wameingia siasa, wapo walioona ni kwa mara ya kwanza padre wao amezungumza jambo linalohusu bei ya unga. Mafundisho rasmi, kuanzia hati ya Mtaguso kuhusu Kanisa katika ulimwengu ya Desemba 1965, yapo upande wa kusema. Tatizo ni kwamba kanisa linaloikosoa Serikali kuhusu uwazi wa mikataba linapaswa kuwa tayari kusomewa hesabu zake na waumini wake, na si parokia wala huduma zote za mahubiri zinazobandika mapato na matumizi mlangoni.

Mahusiano na majirani nayo yamejaribiwa. Februari 2013 mgogoro wa nani achinje nyama ya kuuzwa, ulioanzia Mwanza na Geita, uliishia Buseresere kwa kuuawa kwa mchungaji mmoja wa Kipentekoste. Miaka mitano baadaye ziwa lilipanga watu kwa namna nyingine. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka mita chache kutoka gati la Ukara na kuua watu 228, kama MV Bukoba ilivyoua mamia Mei 21, 1996. Siku tatu baadaye marehemu walianza kuzikwa Ukara katika makaburi yaliyochimbwa kwa pamoja. Viongozi wa Kikristo na wa Kiislamu walisimama mbele ya majeneza yaleyale na kuomba kwa zamu. Hakuna aliyeuliza jumuiya wala kadi.

Kiutawala, Ukara na Ukerewe kwa Wakatoliki ziko chini ya Jimbo la Bunda, lililomegwa mwaka 2010, na askofu wake wa kwanza, Renatus Nkwande, ndiye Askofu Mkuu wa Mwanza tangu 2019. Ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza kuna Jimbo la Geita, lililoanzishwa mwaka 1984, na sasa waumini wa pande mbili wanavuka kwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita zipatazo tatu, lililofunguliwa Juni 2025. Katika visiwa vidogo, ambako padre hufika mara chache, ibada ya Jumapili huongozwa na katekista. Anasoma Injili, anaeleza kwa dakika 15, anatangaza wagonjwa, na anayemaliza kuomba husaidia kuvuta mtumbwi majini.